Antibiotiki haikuponyi? La kufanya kuanzia siku ya tatu

Siku ya tatu ya amoksilini, homa bado inapanda kila jioni, na jirani amekwisha kuapa kwamba sipro (siprofloksasini, antibiotiki nyingine) ndiyo kiboko yake. Hapo ndipo watu wengi mjini Bukavu wanapoharibu. Wanateremka hadi farmasi iliyo karibu, wananunua dawa ya pili, wanaimeza juu ya ile ya kwanza, na baada ya wiki wanafika kwenye kituo cha afya wakiwa na majina manne ya dawa na bila jina hata moja la ugonjwa.

Mwongozo huu ni wa siku hiyo ya tatu. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni kupokea wagonjwa asubuhi, na ninayoandika hapa ndiyo ninayoyarudia mezani kila siku. Hayachukui nafasi ya munganga. Yanakusaidia ufike kwake ukiwa na cha kumwambia. Dawa ikishindwa, tafuta kwanza kwa nini imeshindwa, ndipo uulize kuhusu dawa nyingine. Sababu ziko nyingi, na nyingi kati ya hizo haziondoki hata kwa dawa kali zaidi.

HATUA YA 1: HAKIKISHA SI DHARURA

Zipo dalili zisizosubiri. Ukiona mojawapo, nenda hopitali sasa hivi, hata ikiwa ni usiku, hata kama dozi haijaisha.

Kwa mtoto: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea na hashtuki ukimwita, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Kichanga cha chini ya miezi 2 chenye homa ni wa hopitali siku hiyohiyo, hakuna mjadala.

Kwa mtu mzima: anahema haraka au kwa taabu, maneno yake hayashikamani, hakojoi au anakojoa kidogo sana, mikono na miguu ni baridi huku mwili unachemka, shingo imekakamaa na kichwa kinauma kupita kawaida, macho yamekuwa ya njano. Mjamzito mwenye homa isiyoshuka naye asingoje.

Tumbo nalitaja peke yake. Mtu anayetibiwa tifoide, ghafla tumbo likamuuma vikali na kuwa gumu, huenda utumbo umetoboka. Hapo vidonge havina kazi tena, anahitaji upasuaji. Mwaka 2004 na 2005 Kinshasa ilipata mlipuko wa namna hiyo, tifoide iliyokuwa sugu kwa dawa kadhaa na kutoboa matumbo ya watu, na wengi walikufa.

Na kama baada ya kumeza dawa midomo au uso umevimba, mwili umetoka vipele vinavyowasha au pumzi inabana, huo ni mzio. Acha dawa hiyo, kimbia hopitali, na jina lake liandikwe kwenye karne yako, yaani daftari lako la matibabu, kwa herufi kubwa.

HATUA YA 2: HESABU SAA TANGU DOZI YA KWANZA

Parasetamoli hushusha homa ndani ya saa moja. Antibiotiki haifanyi kazi hiyo. Inapambana na bakteria, na mwili unahitaji muda kuonyesha kwamba wamepungua. Kwa maambukizi mengi tunampa mgonjwa saa 48 hadi 72 tangu dozi ya kwanza ndipo tuseme dawa haijafanya kitu. Ukianza Jumatatu jioni, Jumanne asubuhi si siku ya kulalamika.

Muda huo haulingani kwa magonjwa yote. Moto wa mkojo, kama ni maambukizi ya kibofu tu, upungue ndani ya siku 2. Kwa nimonia, homa na kuhema vianze kutulia siku ya 2 au ya 3, lakini kikohozi kinaweza kuendelea kwa wiki kadhaa baada ya ugonjwa kwisha. Kikohozi kilichobaki peke yake hakimaanishi kwamba dawa ilishindwa. Tifoide ndiyo inayowadanganya watu kuliko yote: hata ukipewa dawa sahihi kabisa, homa yake inaweza kuchukua siku 4 hadi 6 kushuka. Nimeona wagonjwa waliobadilishiwa dawa mara mbili ndani ya siku hizo 6, na ile ya tatu ikapata sifa za bure kwa sababu tu ilikutwa mdomoni homa ilipoamua kushuka.

Kwa ngozi, yaani mguu uliovimba, kidonda kilichochafuka au mkono uliotunga joto, fanya hivi. Chukua kalamu ya Bic. Kwa mgongo wa kiganja chako sikiliza pale joto na ugumu vinapoishia, maana kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Chora mstari kuzunguka pale, andika siku na saa juu ya ngozi yenyewe. Siku ya kwanza uvimbe unaweza kuuvuka mstari kidogo, usiogope. Baada ya saa 48 ukiwa bado unasonga mbele, rudi ulikotibiwa. Mgonjwa akinionyesha mguu wenye mstari ulioandikwa "Jumanne saa 2 asubuhi", mazungumzo ya robo saa yanakwisha papo hapo.

Homa nayo iandikwe. Pima asubuhi na jioni, kabla ya kumeza parasetamoli, si baada yake. Kipimajoto kimoja kinatosha familia nzima, na hata majirani wawili watatu wakijua kukiosha.

HATUA YA 3: KAGUA ULIVYOKUNYWA

Hapa nataka ukweli, na sitagombeza mtu. Aliyenunua nusu dozi kwa sababu hela iliishia hapo hana kosa la kuombea msamaha kwangu. Lakini akinificha, nitadhani dawa imeshindwa na bakteria, kumbe haikupewa nafasi.

"Mara tatu kwa siku" maana yake ni kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Wengi humeza asubuhi, saa 6 na saa 12 jioni, kwa kufuata sahani ya chakula. Usiku mzima unapita bila dawa ya kutosha mwilini na bakteria wanapumua.

Je, uliacha homa iliposhuka siku ya pili, kisha ikarudi? Je, uligawana dozi na mtoto aliyekuwa akikohoa naye? Je, ulitapika? Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza na ukaona kidonge kimetoka, dozi hiyo haihesabiwi. Mwulize aliyekupa dawa kama uirudie. Anayetapika kila dozi hatibiwi kwa vidonge kabisa, arudi mapema.

Kuna pia dawa zinazofungiwa njia tumboni. Doksisiklini na sipro hazipatani na maziwa, dawa za kiungulia, vidonge vya madini ya chuma wala zinki: zinashikana, na dawa inapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Achanisha angalau saa 2. Kikombe cha chai ya maziwa pamoja na sipro kila asubuhi kinaweza kumfanya mtu aonekane ana kijidudu sugu. Wajawazito wasimeze hizi mbili bila munganga kujua mimba ipo. Metronidazoli, ambayo wengi mnaiita kwa jina la Flagyl, karatasi yake inakataza pombe. Kasiksi ni pombe. Naandika hivyo kwa sababu kila mara kuna anayeniambia kwamba ile ni ndizi tu.

HATUA YA 4: KAGUA DAWA YENYEWE

Kati ya mwisho wa 2014 na katikati ya 2015, huko Ituri, zaidi ya watu elfu moja walifika kwenye vituo vya afya shingo na nyuso zikiwa zimepinda. Ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ulionyesha walikuwa wamemeza vidonge vilivyouzwa kama diazepamu, na ndani yake kulikuwa na haloperidoli, dawa nyingine kabisa. Vidonge hivyo havikuwa antibiotiki, lakini amoksilini ya sokoni inaweza kupitia njia zilezile.

Basi angalia. Sanduku lina jina la kiwanda, namba ya lote (toleo) na tarehe ya kuisha? Je, plakete ya vidonge ni nzima au imekatwa vipande hivi kwamba tarehe imebaki kwenye kipande alichopewa mwingine? Kidonge kinamomonyoka, kina madoa, kinanuka? Kapsule zimegandana? Dawa zinazoanikwa juani kwenye sinia kando ya barabara pale soko la Kadutu zinaweza kuwa zilitoka kiwandani zikiwa nzuri kabisa. Jua na unyevu vikaziharibu. Amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani ni dhaifu zaidi mbele ya unyevu. Kuna mtindo mwingine unaonikera kuliko sinia: muuzaji kuhesabu vidonge na kuvimimina kwenye sashe ya plastiki bila kuandika kitu. Mgonjwa anafika kwangu na vidonge vyeupe. Vidonge vyeupe vya nini? Dai jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu na tarehe ya kuisha viandikwe, hata kwa bolpeni juu ya sashe.

Siro ya mtoto ina mambo yake. Unga ule huchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi alama ya chupa, wala si kwa kukisia. Ukishachanganya, uhai wake unahesabika kwa siku; nyingi hudumu siku 7, nyingine zaidi zikiwa kwenye frigo, soma chupa. Tikisa kila mara, na upime kwa kijiko au bomba lililokuja nayo, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Siro iliyobaki tangu ugonjwa wa mwezi uliopita mwage.

Ukishuku dawa, usiitupe. Ilete kituoni pamoja na sanduku lake, ili taarifa ipande kwa mganga mkuu wa zoni ya afya na kwa ACOREP, mamlaka inayosimamia dawa nchini.

HATUA YA 5: TIA KILA KITU KWENYE SASHE, RUDI ULIKOANZIA

Watu huona haya kurudi kwa munganga aliyewapa dawa isiyofanya kazi, kana kwamba wanamshitaki. Wanakwenda kwa mwingine, ambaye anaanza sifuri na kurudia makosa yaleyale. Rudi palepale. Yule tayari ana fishi (karatasi ya matibabu) yako, na kushindwa kwa dawa ya kwanza ni habari anayoihitaji.

Kabla ya kutoka nyumbani kusanya dawa zote ulizomeza tangu ugonjwa uanze, pamoja na za jirani, za kienyeji na masanduku matupu. Mama mmoja aliwahi kunimwagia sashe nyeusi mezani. Ilikuwemo plakete ya amoksilini iliyobaki vidonge tisa, sipro nne zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari la shule, kipande cha kapsule zisizo na jina, na chupa ya siro iliyokauka shingoni.

"Mama, hii ya kwenye karatasi ulipewa na nani?"

"Ni ya shemeji, dokta. Yeye ilimponesha."

"Ilimponesha nini?"

Akacheka, nami nikacheka. Lakini ile sashe ilinijibu maswali ambayo ningeuliza hadi mchana: dozi ya kwanza haikuisha, ya pili ilianzwa kabla ya saa 48, na ya tatu hakuna aliyejua ni kitu gani.

Ukikaa mbele ya munganga, sema kwa mpangilio: nilianza dawa hii siku fulani saa fulani, nimekunywa dozi kadhaa, nimekosa kadhaa, homa ilikuwa hivi, sasa ni hivi, kilichopungua ni hiki, kilichozidi ni hiki. Taja mimba, sukari, mzio na dawa za kila siku. Kisha uliza. Najua kwetu kumwuliza munganga maswali kunaonekana kama kumpima, lakini ukisema kwa heshima, "Dokta, naomba nielewe: ni ugonjwa gani tunaoutibu, na kipimo gani kinaweza kuuonyesha?", hakuna mwenye akili timamu atakayeudhika. Uliza pia urudi siku gani kama hali haibadiliki.

Mpaka umwone, usiache dawa na usiongeze nyingine. Kinachokuruhusu kuacha mwenyewe ni mzio, au maumivu mapya ya kano, hasa nyuma ya kisigino, ikiwa unakunywa sipro.

HATUA YA 6: HUENDA UGONJWA NI MWINGINE

Hii ndiyo hatua kubwa. Mara nyingi antibiotiki haifanyi kazi kwa sababu hakuna bakteria wa kuua. Mafua, koo nyingi zinazouma na kikohozi cha kawaida huletwa na virusi, na virusi haviguswi na antibiotiki hata iwe ya bei gani. Kuharisha maji kwa mtoto kunatibiwa kwanza kwa ORS (unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji) na zinki. Na kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele kwa mtu yeyote ni kwenda kwenye kituo cha kipindupindu mara moja, huku anakunywa ORS njiani. Malaria nayo, ingawa Bukavu iko juu milimani, ipo. Kama TDR (kipimo cha haraka cha malaria) au damu kwenye kioo havijafanywa, homa yako bado haijachunguzwa.

Sasa tifoide. Katika mji huu kila homa inayozidi siku tatu hubatizwa tifoide, na kila mtu ana karatasi ya Widal nyumbani. Kipimo hicho kilielezwa mwaka 1896 na Mfaransa Fernand Widal, na kwa wakati wake kilikuwa ufundi mkubwa. Shida yake ni kwamba hakitafuti kijidudu chenyewe. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini miezi mingi baada ya kupona, huweza kuletwa na salmonela (jamii ya kijidudu cha tifoide) wa aina nyingine, na hata malaria inaweza kukivuruga. Kwa mtu aliyekulia Kadutu na kunywa maji ya kila aina, Widal moja iliyo chanya inasema machache sana.

Kinachonisikitisha zaidi ni Widal ya pili. Mtu amemaliza dawa, amepona, anakula, anafanya kazi, halafu anakwenda labo "kuangalia kama tifoide imekwisha". Kipimo kinatoka chanya, kama inavyotarajiwa, na anaanzishiwa sindano. Mwezi unaofuata anarudia tena. Nina watu mezani wanaosema wana tifoide sugu ya miaka mitatu, na ukiwauliza homa iko wapi, hawana homa. Widal haitumiki kuthibitisha kupona. Kama umepona, baki nyumbani na hela yako.

Kipimo cha tifoide kinachostahili jina hilo ni kuotesha damu, yaani kuacha kijidudu kilicho ndani yake kikue labo. Nacho hakimnasi kila mgonjwa, na kinataka damu ya kutosha, mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima katika kila chupa, ikiwezekana kabla ya antibiotiki. Hakipatikani kila kituo. Lakini homa ikiwa imekataa dawa ya kwanza, huo ndio wakati wa kuuliza ni hopitali gani inakifanya.

Mwisho wa hatua hii, kifua kikuu. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, kukonda, jasho la usiku: omba kupimwa makohozi kabla ya antibiotiki ya pili. Sipro na ndugu zake zinaweza kukituliza kwa muda bila kukiponya, mgonjwa akajiona amepata nafuu, na utambuzi ukachelewa huku anaambukiza nyumba nzima. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure kupitia mpango wa taifa, na matibabu ya kawaida ni miezi 6.

HATUA YA 7: TAFUTA USAHA

Jipu halisikii vidonge. Dawa inasafiri kwa damu, na katikati ya usaha hakuna damu inayopita, ndiyo maana unaweza kumaliza plakete mbili na jipu likabaki linakutazama. Lipasuliwe na kusafishwa na mtu mwenye vifaa safi. Mara nyingine hiyo peke yake inatosha bila antibiotiki. Usilikamue nyumbani, hasa la usoni.

Fikiria pia kitu kilichobaki ndani: mwiba, kipande cha kioo, uzi wa mshono, jiwe la figo, jino lililooza. Jino ndilo linalosahaulika. Shavu linavimba, amoksilini inalishusha, baada ya wiki tatu linavimba tena. Kinachotibu hapo ni koleo la munganga wa meno.

Majipu yanayorudi kila mara, au kidonda cha mguu kisichofunga, pimwa sukari, na pimwa virusi vya UKIMWI. Na kama ni ugonjwa wa zinaa unaorudi kila ukimaliza dawa, mwenzako ametibiwa? Wote wawili mnatibiwa pamoja, na mnakaa siku 7 bila kukutana kimwili.

HATUA YA 8: OMBA VIJIDUDU VIOTESHWE

Kama sababu zote za juu zimeangaliwa na bado ni bakteria, basi labo iseme ni bakteria gani na dawa gani inamweza. Kwa mkojo kipimo hiki ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye boni (karatasi ya kuombea kipimo) ya labo utaona herufi ECBU, ndicho kipimo cha kuotesha mkojo. Mambo ya njia ya mkojo hapa kwetu hayabahatishwi tena: utafiti wa mikojo uliofanywa katika Hopitali ya Rejeo ya Mkoa ya Bukavu na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta usugu mkubwa dhidi ya dawa za zamani kama ampisilini na kotrimoksazoli.

Chombo kitoke labo, kiwe kimefungwa. Nawa sehemu za siri kwa maji, acha mkojo wa mwanzo uende, kinga ule wa katikati bila kugusa ndani ya kopo, funga. Wa asubuhi ni bora. Ufike labo ndani ya saa 2, au ukae kwenye frigo. Mkojo uliozungushwa mjini juu ya pikipiki tangu alfajiri hadi mchana unaota vijidudu vya safarini, na utatibiwa ugonjwa usio wako. Kama tayari uko kwenye dawa, toa mkojo kabla tu ya dozi inayofuata, na waambie labo jina la dawa.

Majibu huchukua siku 2 hadi 3. Karatasi ya antibiogramu ina orodha ya dawa na herufi pembeni: S ni dawa inayomweza kijidudu, R ni sugu, I ni ya katikati, na hiyo ya katikati munganga ndiye anayeamua. Usichague mwenyewe S ya bei ndogo ukateremka nayo farmasi, kwa sababu S nyingine hazifai kwa mjamzito au kwa mwenye figo mbovu.

HATUA YA 9: DAWA YA PILI IKITOLEWA

Sindano si cheo. Kuna mgonjwa asiyejihesabu ametibiwa mpaka atundikiwe serumu, na kuna mwuza dawa anayelijua hilo. Kwa mtu anayemeza bila kutapika, kidonge kinachofaa kinatosha kwa maambukizi mengi. Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu tangu 2017: za kuanzia, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba. Amoksilini iko katika kundi la kwanza. Sipro, azitromisini na seftriaksoni ziko katika la pili, na hapa mjini zinauzwa kama peremende. Bakteria wakizizoea hizo, hopitali nyingi za mkoa zinabaki na kidogo sana cha kukupa.

Seftriaksoni ikiandikwa, ichomewe kituoni. Anayechomewa nyumbani na jirani aliyesomea kidogo ajue jambo moja: haichanganywi na serumu ya Ringer, kwa sababu Ringer ina kalsiamu na viwili hivyo hugandana. Kwa kichanga kosa hilo linaua.

Uliza dawa ya kwanza iachwe au iendelee. Wagonjwa wengi wanaondoka bila kuambiwa na wanazimeza zote mbili. Uliza idadi ya siku. Kama hela haitoshi dozi nzima, sema palepale kabla ordonansi (karatasi ya dawa) haijaandikwa, kwa sababu mara nyingi ipo dawa nyingine ya bei nafuu inayofaa sawasawa, na dozi kamili ya dawa rahisi inatibu kuliko nusu ya dawa ghali.

Hesabu tena saa 48 hadi 72. Ikipita bila badiliko lolote, usikubali ya tatu kwenye kituo hichohicho bila kipimo kipya. Omba barua ya transferi kwenda hopitali ya rejeo ya zoni yako, iwe uko Ibanda, Kadutu au Bagira, na hakikisha imeandikwa dawa zote mbili, dozi, tarehe za kuanza na majibu ya vipimo. Beba karne, antibiogramu, daftari la homa na ile sashe. Fika asubuhi na mapema, na ukifika mlangoni sema kwamba umepewa transferi, usipange mstari wa wagonjwa wapya.